Jina "Kilimanjaro" lilianzia kinywani mwa nani? Tujadili kwa ushahidi

Mleta mada:

Wakuu, salaam.

Jina hili tunalitamka kila siku. Lipo kwenye mlima, kwenye mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.8, kwenye uwanja wa ndege, hadi kwenye chupa za maji. Lakini uliza maana yake: watu wanne watakupa majibu matano, na kila mmoja ataapa kuwa lake ndilo alilolisikia kwa babu yake. Pale lango la Marangu mwongoza watalii mmoja anamwambia mgeni kuwa ni "mlima unaong'aa". Mwenzake anayefuata na kundi lingine anasema ni "Kilemakyaro", yaani safari isiyowezekana. Wa tatu anasema ni "mlima mkubwa" kwa Kiswahili. Wageni wote wanaandika kwenye madaftari yao na kurudi makwao wakiamini kwamba wameambiwa na mwenyeji, basi yamekwisha.

Sina ugomvi na watu kutofautiana. Kinachoniuma ni kwamba tumeacha kuulizana "umejuaje?" Kwa hiyo natoa msimamo wangu hadharani ili upingwe: naamini jina Kilimanjaro halikuzaliwa mlimani. Lilizaliwa njiani, katika misafara ya watu wa pwani waliokuwa wakipanda bara kutafuta pembe za ndovu. Waliolitoa ni watu waliokuwa wakiutazama mlima kwa mbali, si wale waliojenga na kulima kwenye mbavu zake.

Tuanze na mwaka 1848. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, alitoka Rabai, juu kidogo ya Mombasa, akiongozwa na mtu wa misafara aitwaye Bwana Kheri. Rebmann mwenyewe hakuwa na silaha, alibeba mwavuli. Tarehe 11 Mei, wakiwa bado nyikani, hawajakanyaga Uchagga, aliona weupe juu ya kilele kimoja, akadhani ni wingu. Alipomuuliza Bwana Kheri ule weupe ni nini, akajibiwa kwa neno moja: "baridi". Hapo mimi huwa natulia kidogo. Mtu wa Mombasa hakuwa na neno la theluji, akakiita kile kitu kwa jinsi kinavyomshika binadamu mwilini. Lakini jina la mlima alikuwa nalo tayari. Pwani kulikuwa na habari za mlima huo na za majini wanaoulinda kabla Mzungu yeyote hajaufikia. Rebmann hakulibuni jina, wala hakulipata Machame au Kilema, huko kwa Wachagga wa mlimani. Alitoka nalo pwani.

Sasa tuwasikilize wenyeji. Johann Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann pale Rabai, aliandika kwenye kitabu chake cha 1860 kwamba watu wa pwani wanauita Kilimanjaro, ila wenyeji wa Uchagga wanauita Kibo. Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1883 na kuchapisha habari zake mwaka 1885, akasema hivyo hivyo: Wachagga hawana jina moja la mlima mzima, wanavitaja vilele viwili, Kibo na Kimawenzi. Mashahidi wawili, waliopishana zaidi ya miaka ishirini, wanasema jambo moja. Kama jina lilikuwa la Kichagga, mbona waliouliza kule kule Uchagga hawakupewa?

Mtanijibu: basi ni Kiswahili, na maana yake ni mlima wa ukuu. Hapo pia nina swali. Hiyo tafsiri ya "ukuu" inatoka kwa Krapf yule yule, na pale pale alipoiandika akaongeza kwamba huenda ni "mlima wa misafara", kwa kuwa jaro ni misafara na mlima ule ulionekana na wasafiri wote kutoka mbali. Mtu mmoja, majibu mawili, mahali pamoja! Vitabu vya baadaye vikachukua lile la kwanza kwa sababu linapendeza, la pili likasahaulika. Je, kuna mtu humu aliyewahi kusikia Mswahili wa Lamu, Mvita, Tanga au Unguja akisema mtu fulani "ana njaro" kwa maana ya kuwa mkuu? Mimi sijasikia. Lakini "charo" kwa maana ya safari, au kundi la wasafiri, lipo hai mpaka leo pale pale Krapf alipokuwa akiishi.

Mimi nasimama na misafara. Naomba kuwasilisha. Wenye hoja karibuni.

Mchangiaji, Marangu:

Kijana, nimekusoma hadi mwisho na umeandika kwa adabu, kwa hiyo nami nakujibu kwa adabu. Nimezaliwa Vunjo na kihamba changu, yaani shamba la ukoo, kiko huku. Jina unalotaka kuwapa watu wa pwani ni letu.

Kwa Kichagga, kilema ni kile kinachoshinda, kisichowezekana. Kyaro ni safari. Kilemakyaro: kinachoishinda safari. Nani angeweza kuuita mlima hivyo isipokuwa watu waliojaribu kuupanda wakarudi, au hawakurudi kabisa? Hao Wazungu wako wenyewe waliandika habari hiyo. Mangi (mtawala) Rungua wa Machame, baba yake Mamkinga, alituma watu wakaangalie kile kitu cheupe kilichong'aa kama fedha huko juu. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Hao hawakuwa watu wa Mombasa. Walikuwa watoto wetu.

Tena unasema Rebmann alifika kwanza wapi? Kilema, kwa Mangi Masaki. Misafara ya pwani ilikuwa inakuja Kilema kununua pembe na kula ndizi zetu. Mtu akikaa kwako, akala kwako, akakuuliza "mlima huu vipi?", ukamwambia "hiki ni kilema kyaro, usijaribu", yeye atarudi kwao na neno gani? Ulimi wake wa Kiswahili utalisikia "kilema" kama "kilima", maana kilima anakijua. Hapo jina limekwisha kugeuka, na yeye hana habari kwamba amegeuza.

Swali langu kwako ni moja: Bwana Kheri aliambiwa na nani?

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Wakuu mnazunguka mbali. Njaro ni ng'aro. Kung'aa. Mlima una theluji, theluji inang'aa, basi. Hata Thomson mliyemtaja aliandika kwamba njaro zamani ilikuwa na maana ya weupe.

Mleta mada:

Mkuu wa Dar, Thomson aliandika kwamba anaamini hivyo, kwamba pwani neno limeshakufa na bara bado linasikika kwa baadhi ya makabila. Hakutaja kabila gani wala hakutoa sentensi hata moja yenye hilo neno. Imani ya msafiri ni imani, hata ikichapishwa London. Na ng'aro kugeuka njaro mdomoni mwa Mswahili ni jambo gumu sana. Sauti ya ng' kwake si ngeni hata aikwepe. Anasema ng'ombe, anasema ng'ambo, anasema ng'oa. Kwa nini ashindwe kusema ng'aro, na hiyo ni lugha yake mwenyewe?

Mzee wangu wa Marangu, shikamoo. Swali lako ni zito na nitalirudia. Naomba kwanza wengine waongee.

Mchangiaji, Longido:

Supai wote. Kila mjadala wa mlima huu Maasai tunatajwa mwishoni kama mapambo, wakati sisi ndio tuliokuwa tukiuona kutoka kaskazini na magharibi kila siku, tukichunga. Kwetu ni Ol Doinyo Oibor, mlima mweupe. Jina halina utata, mtoto wa miaka mitano anakutafsiria.

Kuhusu hilo la njaro, kuna wanaosema ni enkare yetu, maji. Mlima wa maji. Mimi naliona lina akili, kwa sababu mlima ule ni maji. Chemchemi zote za tambarare, mpaka mabwawa ya Amboseli ambako tembo wanajaa wakati wa kiangazi, maji yake yanatoka huko juu yakipita chini ya ardhi. Mtu wa msafara anayetoka nyika kavu ya Taru na Tsavo, kitu cha kwanza anachotafuta ni maji. Angeuita nini?

Mleta mada:

Ndugu yangu wa Longido, ile hoja ya maji naiheshimu kama maelezo ya mlima. Kama maelezo ya jina, inaniwia ngumu, na sababu ninaitoa kwenye ramani yetu wenyewe. Enkare ya Kimaasai tumeipokea kwenye Kiswahili mara nyingi, na kila mara imekuja na g yake. Siha kuna Ngarenairobi. Meru kuna Ngarenanyuki. Kule Natron kuna Ngaresero. Hata jiji la Nairobi limekatwa kutoka kwenye maneno hayo hayo, enkare nairobi, maji baridi. Mahali pote hapo hakuna hata pamoja ambapo ngare imegeuka njaro. Itakuwaje mlima mmoja tu ndio uvunje kanuni?

Na hilo ulilosema la Ol Doinyo Oibor linanisaidia mimi kuliko unavyodhani. Ninyi mlikuwa mnautazama mlima ukiwa umesimama mzima mbele yenu, kutoka tambarare. Mkaupa jina moja linaloushika wote. Anayeishi juu yake hana haja hiyo.

Mchangiaji, Kitui:

Salamu kutoka Ukambani. Mnaongea kama vile misafara ilikuwa ya Waswahili peke yao! Kabla Waswahili hawajaizoea njia ya bara, Wakamba walikuwa wakishusha pembe mpaka Mombasa. Na Krapf wenu huyo huyo, mwaka 1849, alifika kwa Kivoi, mfanyabiashara wetu mkubwa, na Kivoi akamwambia kwamba amefika Uchagga na ameuona "Kima ja Jeu", mlima wa weupe. Krapf aliandika hivyo kwa tahajia yake. Leo tungeandika kĩĩma, na eũ ni weupe.

Sasa kuna jambo huwa linawasumbua Waswahili: kwa nini mlima mrefu kuliko yote Afrika uitwe "kilima", kijilima? Kwetu halisumbui. Kĩĩma ni mlima, mkubwa au mdogo. Kwa ndugu zetu Wakikuyu kĩrĩma ni mlima vile vile, na hawakuoni wa ajabu ukilitumia neno hilo kwa Mlima Kenya. Ile ki- si ya kudogosha kabisa. Kwa hiyo mimi nasema nusu ya kwanza ya jina, hiyo "kilima", ina harufu ya Ukambani. Mswahili alisikia kĩĩma akaweka l yake katikati.

Mchangiaji, Marangu:

Bwana wa Kitui, unaona sasa? Wewe umeusikia kwa sikio lako na mimi kwa langu. Kĩĩma yako inageuka kilima, lakini kilema yangu eti haiwezi kugeuka kilima! Irabu moja tu, e na i.

Mleta mada:

Mzee, hapo umebana kweli, na naomba nijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha mada.

Kwamba kilema inaweza kugeuka kilima, sibishi. Masikio ya wageni yamefanya makubwa kuliko hayo. Ninachobisha ni mpangilio wa matukio. Hebu tufuate njia kwa miguu. Msafara unatoka Mombasa, unapanda Rabai, unaingia nyika ya Taru ambako maji ni ya kuhesabu, unafika Taita, unashuka tena tambarare kuelekea Taveta. Siku yenye anga safi, mlima unaonekana kutoka mbali sana, siku nyingi kabla mpagazi hajakutana na Mchagga wa kwanza. Na si kwamba unaonekana tu: ndio unaokuongoza. Watu mia, wenye mizigo kichwani, wanahitaji kuambiana "tunaelekea kule". Kitu unachokielekea kila asubuhi hakiwezi kukaa bila jina mpaka ufike ukaulize wenyeji. Wenye haja ya jina walikuwa njiani, na haja ilikuja mapema.

Sasa mwangalie mtu wa Marangu au wa Machame wa karne ile. Mlima kwake si kitu cha kuelekea. Amekaa ndani yake. Anajua korongo hili na korongo lile, mfongo wa ukoo wake unaoleta maji shambani, mpaka wa mangi wake na mangi wa jirani. Akiinua macho anaona Kibo. Akiwa upande wa Rombo anamwona Mawenzi kwa karibu zaidi. Hivyo ndivyo vilivyopewa majina na visa. Mzee, wewe unakijua kile kisa vizuri kuliko mimi: Mawenzi alizimikiwa moto, akaenda kwa Kibo kuomba makaa, akapewa. Akaurudia mchezo huo mara nyingi mpaka Kibo akachoka, akachukua mchi akampiga, ndiyo maana Mawenzi leo ana mabonde na meno yaliyovunjika. Wazee wanasema Kimawenze ndiyo hivyo, kilichovunjikavunjika, na Kibo ni chenye madoa kwa ajili ya miamba myeusi kwenye theluji. Hayo ni majina ya majirani waliojuana sura. Jina la mlima mzima ni jina la mtu aliye mbali kiasi cha kuuona wote kwa mara moja.

Na hata sisi wenyewe kuitwa "Wachagga" ni habari hiyo hiyo. Rebmann alitoka pwani akiwa na neno "Jagga" la pwani. Alipofika alikuta Wakilema, Wamachame, Wakibosho, Wamoshi, kila mmoja na mangi wake na vita vyake. Jina la jumla la watu na jina la jumla la mlima vilikuja kwa njia moja, vikakubaliwa baadaye, na leo ni vyetu kwa haki kabisa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa walipoanzisha chama chao walikiita kwa jina la Kilimanjaro, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha 1933, ikalibeba hilo hilo. Wazee wetu hao hawakuona wanaazima neno la mtu.

Kwa hiyo Bwana Kheri aliambiwa na nani? Naamini aliambiwa na viongozi wa misafara waliomtangulia. Kisa cha Sabaya kinaonyesha kwamba Wamachame waliujua mlima na kuuogopa. Hakionyeshi kwamba waliuita Kilemakyaro. Kwenye habari ile walioisimulia hawakulitaja jina hilo, na ingekuwa nafasi nzuri kuliko zote kulitaja.

Mchangiaji, Marangu:

Aika mbe. Umejibu, ingawa hujanishinda. Kutokuandikwa na Mzungu si kutokuwepo. Rebmann hakujua Kichagga siku ile. Alikuwa anaongea kupitia mtu wa pwani, na mtu wa pwani ndiye aliyekuwa anachagua amwambie nini. Ukimuuliza mkalimani jina la mlima, atakupa analolijua yeye.

Mchangiaji, Kilifi:

Naomba niingie, maana nimetajwa bila kutajwa. Mimi ni Mgiriama na kaka yangu anaitwa Charo. Kwetu mtoto aliyezaliwa safarini, au baba akiwa safarini, anapewa Charo, na akina Charo ni wengi sana pwani hii. Charo ni safari. Warabai aliokaa nao Krapf ni Wamijikenda wenzetu. Kwa hiyo alipoandika "jaro, misafara" hakuokota neno hewani, alikuwa amezungukwa nalo.

Lakini mleta mada, nikuulize kitu kama rafiki. Hiyo n imetoka wapi? Charo, jaro, sawa. Njaro je? Na kwa nini si Kilima cha Charo?

Mleta mada:

Dada (au kaka, nisamehe), hapo ndipo hoja ya misafara inapochechemea, na sitaificha chini ya mkeka. Kuhusu "cha" sina wasiwasi. Majina ya mahali hudondosha kiunganishi. Tuna Kilimahewa, tuna Kilimatinde. Na hiyo Kilimatinde nawaomba muitazame kwa makini, kwa sababu inajibu na lile la "kijilima". Iko Manyoni, kwenye njia kuu ya misafara ya kati iliyokwenda Tabora, na imekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali unapopandishwa kwa jasho. Hakuna mpagazi aliyepanda pale na mzigo akadhani ni kitu kidogo. Lakini jina ni Kilima-. Watu wa misafara walikuwa na mtindo wao wa kuita alama za njia, na Kilima- ilikuwa sehemu ya mtindo huo. Mimi nauona Kilimanjaro katika ukoo huo. Ukiongeza na kĩĩma ya ndugu wa Kitui, ambaye watu wake walikuwa njiani mapema kabisa, ile shida ya udogo inabaki bila miguu.

Kuhusu n: wale wale walioandika mapema hawakuliandika jina kwa namna moja, na Wajerumani baadaye walikuwa na tahajia yao, Kilimandscharo. Charo ya Kigiriama, kyaro ya Uchagga na jaro ya Krapf ni neno moja lililotembea njia moja. Neno likishapita kwenye vinywa vya lugha nne au tano za mpagazi, sauti moja ya puani kuingia katikati si muujiza. Ila nakubali kwamba mwenye maelezo bora ya hiyo n atakuwa na neno la mwisho kuliko mimi.

Na hapa Mzee wa Marangu, tazama jambo: kwenye tafsiri yako na yangu, nusu ya pili ni ile ile. Safari. Wewe unasema safari iliyoshindwa, mimi nasema safari iliyokuwa inaendelea. Waliobaki nje ya mlango ni hao wa "ukuu", wa "kung'aa" na wanaosema Njaro ni jina la pepo, ambaye naye aliandikwa na wasafiri wa karne ya 19 bila kusema nani alikuwa akimwabudu au kumtambikia wapi.

Mchangiaji, Same:

Mimi ni Mpare, na nawasoma nikiwa na la moyoni. Mnabishana nani aliupa mlima jina, mkisahau kwamba tangu mwaka 1963, Jimbo la Kaskazini lilipogawanywa, jina hilo ni la mkoa, na mkoa una Same na Mwanga. Sisi tuna milima yetu, tuna Shengena. Nikiwa Dar nikisema natoka Kilimanjaro, mtu anajibu "aah, Mchagga". Nikisema Same, anauliza ni Tanga? Mjadala wa maana ya jina ni mzuri, lakini jina hilo kwa watu wengine lina maana moja tu: kufunikwa. Kama kweli ni jina la njia na la wasafiri, basi lisemwe hivyo mashuleni, kwa sababu njia hiyo ilipita na kwetu. Misafara ya kutoka Pangani ilikuwa inafuata milima ya Upare kwenda huko huko Uchagga.

Mleta mada:

Ndugu wa Same, pole, na umeniongezea kitu ambacho sikukiweka kwenye mada: njia ya Pangani. Ni kweli kabisa, njia hiyo ilikuwa kubwa, na ikitoka Pangani ilifuata mto na milima yenu. Basi mlima huu ulikuwa unaelekewa kutoka pande mbili za pwani, na katika njia zote mbili ulikuwa ndio alama ya mwisho wa safari. Hilo linanipa nguvu zaidi.

Kuhusu jina la mkoa, hapo hatuna fumbo la kufumbua, maana kuna tarehe na waliohusika. Kama ilivyo kwa kilele chenyewe: mwaka 1889 Hans Meyer alifika juu tarehe 6 Oktoba, akakiita kwa jina la Kaiser Wilhelm, usiku wa Desemba 9, 1961 Luteni Alexander Nyirenda akasimamisha bendera na mwenge, na tangu hapo ni Uhuru. Jina linaweza kubadilishwa na wenye mamlaka kwa siku moja. Lakini jina la mlima mzima halikutolewa na mtawala yeyote, na ndiyo maana nalipigania lisipewe mwenyewe wa uongo. Mwaka 1965 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala nzima kuhusu maana ya jina hili, na hata hapo suala halikufungwa. Sioni kwa nini kitabu cha mtoto wa leo kilifunge kwa mstari mmoja.

Kama ningepewa kuandika ubao wa pale lango la Marangu, ningeandika hivi: "Watu wa pwani na wa misafara waliuita Kilimanjaro kabla ya mwaka 1848. Wachagga waliita vilele vyake Kibo na Mawenzi. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Oibor, mlima mweupe, na Wakamba nao wakautaja kwa weupe wake. Maana ya njaro inabishaniwa: wapo wanaosema safari au misafara, wapo wanaosema ukuu, weupe au maji, na Wachagga wengi husema Kilemakyaro." Hakuna mgeni atakayekasirika kuambiwa hivyo.

Mchangiaji, Marangu:

Kwenye ubao huo anza na Wachagga. Mengine sawa.

Mleta mada:

Mzee, nimekubali, wenye nyumba watangulie.

Sasa naomba watu wa Taveta waliomo humu. Ninyi ndio hasa ninaowasubiri. Misafara mingi ya Mombasa ilipumzika kwenu, kwenye ule msitu kando ya mto Lumi, wengine kwa wiki nzima, kabla ya kuingia Uchagga au Umaasaini. Mlikuwa mnaujua mlima kwa karibu bila kuishi juu yake, mkaongea na Mchagga, Mmaasai, Mkamba na Mswahili kwa siku moja. Wazee wenu, wakiongea Kitaveta wao kwa wao, wanauita mlima nini? Wakitaja safari wanasema charo, njaro, au neno lingine? Aliye na bibi au babu wa kumuuliza amuulize, atuwekee hapa kama alivyotamka, bila kurekebisha tahajia.